Kidonge cha kolesteroli kilichopotea kwenye faili la mama

Kama una mzazi anayekunywa dawa ya kushusha kolesteroli, zile zinazoitwa statini, au unakunywa wewe mwenyewe, soma hii yote usiishie juu juu. Nikiifupisha utaondoka na sentensi moja tu kwamba "statini zinasaidia mgonjwa wa mafua makali", na hiyo ndo sentensi iliyotugombanisha sisi ndugu wakati mama yetu yuko kwenye oksijeni.

Mama ana miaka sabini na kitu. Ana presha, na huko nyuma aliwahi kupata kiharusi kidogo, kile cha mdomo kwenda upande na mkono kulegea alafu baada ya muda mfupi vyote vikarudi. Toka hapo akaandikiwa statini inayoitwa simvastatini ya kunywa usiku na aspirini, pamoja na amlodipini yake ya presha ya siku zote. Anazinywa vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, yaani hata kukiwa na wageni anainuka anaenda chumbani anameza anarudi.

Ugonjwa ulianza kama mafua ya kawaida, homa, mwili kuuma, kikohozi kikavu, tukamwambia apumzike anywe vitu vya moto. Siku mbili tatu mbele akawa anaongea maneno mawili anatulia kwanza ahemee, midomo imebadilika rangi, hapo hatukusubiri tena. Hospitali wakapima oksijeni iko chini, wakamwekea mrija puani, kipimo kikatoka influenza A na picha ya kifua ikaonyesha nimonia. Wakamwanzishia oseltamiviri palepale. Hili nilitaje kabisa: dawa inayopambana na kirusi chenyewe inafanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 48 toka dalili zianze, ingawa mgonjwa aliyelazwa wanampa hata kama huo muda umepita. Kwahiyo mzazi mwenye umri huo na magonjwa yake akianza homa na kikohozi, mpeleke akapimwe mapema, sio mpaka aanze kuhema.

Sasa mambo ya kidonge yalianzia pale mapokezi. Nesi anauliza haraka haraka huku anafunga kamba ya presha, "Baba, mama anatumia dawa gani nyumbani?" Baba ametoka jasho, anamwangalia mke wake anavyohema, akajibu, "Za presha, na ile ya kufanya damu iwe nyepesi." Nesi akaandika. Ya kolesteroli haikutajwa, na mzee simlaumu hata kidogo maana ile dawa inakaa peke yake kwenye droo ya kitandani, nyumbani tunaiita tu "ile ya usiku", jina lenyewe baba halijui. Mimi nilikuwa nje naongea na simu nawaeleza ndugu.

Aliyegundua ni mama mwenyewe. Usiku, sauti haitoki vizuri, akanivuta nguo, "Mwanangu, ile ya usiku mbona sijapewa?" Nikamfuata nesi wa zamu, "Samahani sista, mama anatumia simvastatini kila usiku, leo hajapewa." Akafungua faili, akapekua mbele na nyuma, akasema haimo, na kama haijaandikwa yeye hawezi kutoa, nisubiri daktari asubuhi. Nikamuuliza imesimamishwa au? Akasema hapana, haijasimamishwa, haipo tu.

Hapo naomba ukae kidogo na mimi. Dawa iliyosimamishwa na dawa iliyosahaulika kwa mgonjwa zinaonekana sawa, zote mbili hazimezwi. Lakini iliyosimamishwa kuna mtu amefikiria, ameandika sababu, na anajua lini inarudi. Iliyosahaulika haina mwenyewe. Inaweza kupita wodini mpaka kwenye karatasi ya ruhusa mpaka nyumbani, na mtu akakaa miezi bila dawa inayomkinga na kiharusi kingine huku kila mtu anadhani mwenzake ndo aliamua. Na dawa za usiku, za kolesteroli hasa, ni rahisi kupotea hivi kwa sababu mtu asipoimeza leo hakuna kinachouma, presha ikisahaulika mashine itapiga kelele, sukari ikisahaulika kipimo kitaonyesha, kolesteroli imenyamaza.

Nikampigia kaka. Kaka yangu ni mtu wa vitendo, akasema, "Si iko nyumbani? Nakuletea sasa hivi, umpe kimya kimya na maji, nesi hata hajui." Nilikaribia kukubali, nilikuwa nimechoka na nina hasira. Nikaona ngoja asubuhi ifike. Na ashukuriwe Mungu, maana jioni ileile mama alikuwa ameanzishiwa antibiotiki inaitwa klarithromaisini kwa ajili ya nimonia, wakihofia kuna bakteria wamepanda juu ya kirusi.

Daktari alipopita na kundi lake asubuhi nikamweleza. Akashtuka kidogo, akaangalia dawa zote upya, akaniambia vizuri tu, "Dada, umefanya vyema kuuliza, na umefanya vyema zaidi kutompa." Akanieleza kwamba simvastatini huvunjwavunjwa na kimeng'enya fulani cha kwenye ini, na klarithromaisini inakifunga kile kimeng'enya, kwahiyo simvastatini inajaa kwenye damu mara kadhaa zaidi ya kawaida. Ikijaa sana misuli inaanza kuvunjika, mabaki yake yanaenda kuziba figo. Hizo mbili haziruhusiwi kabisa kwenda pamoja, hata erithromaisini vilevile, azithromaisini ndo ina unafuu. Ila kwa mama aliona aimalize hii dozi fupi, akaandika kwenye faili simvastatini imesimamishwa kwa sababu ya klarithromaisini, irudishwe ikiisha. Kwahiyo tulirudi palepale, mama hamezi, lakini safari hii kuna sababu na kuna tarehe. Nililala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza, kwenye kiti.

Rafiki yangu mmoja nilipomsimulia akasema kwao ilitokea kwa mjomba wake aliyekuwa na korona, akaandikiwa Paxlovid ya kunywea nyumbani. Ile ndani ina ritonaviri, nayo inafunga kimeng'enya hichohicho. Simvastatini na lovastatini hazitakiwi kabisa kumezwa pamoja nayo, atorvastatini na rosuvastatini mara nyingi wanakwambia pumzika kwa siku za dozi. Wao waliuliza duka la dawa kabla hajaanza, wakapona na balaa. Kwahiyo hii sio ya hospitali tu, hata kwa anayeuguzwa sebuleni.

Basi, nikadhani yameisha. Usiku kaka akatuma kwenye kundi letu la familia, herufi kubwa, STATINI ZINAPUNGUZA VIFO VYA MAFUA KWA ASILIMIA 41. Ikawa moto. Shangazi anauliza kwanini wanamnyima mama dawa inayookoa, mdogo wangu anataka tumhamishe hospitali, baba anasoma kimya ila najua anajilaumu. Nikaamua kusoma mwenyewe zile tafiti, na kesho yake nikamwomba daktari dakika chache baada ya kazi yake, bahati nzuri alikuwa mtu wa kukaa chini na watu.

Zile namba za kaka ni za kweli. Marekani walichambua watu 3,043 waliolazwa na influenza iliyothibitishwa maabara msimu wa 2007 na 2008, kama theluthi yao walikuwa kwenye statini, na matokeo yaliyotoka 2012 yalionyesha uwezekano wa kufa kwa hao ulikuwa chini kwa hiyo asilimia 41. Korona ilipoingia, wachunguzi wa China wakapitia mafaili ya wagonjwa 13,981 wa mkoa wa Hubei, 1,219 kati yao walipewa statini, wakawalinganisha na wenzao wanaofanana nao umri na magonjwa, vifo ndani ya siku 28 vikawa asilimia 5.2 kwa wenye statini na 9.4 kwa wasiokuwa nazo. Ukisoma hapo ukaishia hapo, na mama yako yuko kitandani, utapigana na daktari.

Na nadharia yenyewe inaingia akilini. Statini inazuia ini kutengeneza kolesteroli, lakini inaonekana pia inatuliza uvimbe ndani ya mishipa ya damu, na mgonjwa wa influenza au korona aliyezidiwa mara nyingi anaumizwa na mwili wake mwenyewe ulivyowaka kupita kiasi kupambana na kirusi. (Mama alifurahi nilipomwambia dawa zake asili yake ni ukungu, kule Japani miaka ya 1970 mwanasayansi Akira Endo ndo aliipata ya kwanza kwenye ukungu wa jamii ya penisilini. Akasema kumbe nameza mkate uliooza.)

Daktari hakunibishia. Aliniuliza tu, "Mama anakunywaje dawa zake?" Nikasema vizuri sana. "Kliniki?" Hakosi. "Akiugua mnamleta?" Tunamleta. Akasema, "Sasa huyu, hata nikimnyang'anya statini leo, si bado ni mtu anayejitunza, ana watu, anafika hospitali mapema?" Yaani ukiwalinganisha wanaotumia statini na wasiotumia, unalinganisha pia watu wenye kliniki na watu wasio na kliniki, na hesabu za kurekebisha haziwezi kuondoa yote.

Alafu akanipa ya pili ambayo sikuwahi kuifikiria. Mgonjwa akizidiwa kabisa, hamezi, presha imeanguka, ini na misuli vimevurugika, ni madaktari wenyewe wanamsimamishia statini. Akifariki, faili lake linasomeka hakuwa kwenye statini. Kwahiyo kundi la wasiotumia linabeba watu ambao tayari walikuwa wanaondoka, na kidonge kinapewa sifa ya kuwaokoa wale ambao walikuwa na nguvu ya kukimeza.

Ndo maana yanafanywa majaribio ya kugawa watu kwa bahati nasibu, hawa dawa hawa kidonge bandia kisicho na dawa ndani au matibabu ya kawaida. Huko mambo yanapoa. Iran walijaribu atorvastatini miligramu 20 kwa wagonjwa 587 wa korona walioko ICU, wakahesabu waliopata mabonge ya damu, waliohitaji mashine ya kuongezea damu oksijeni nje ya mwili, au waliokufa, wakapata asilimia 33 kwa dawa na 36 kwa kidonge bandia, tofauti ndogo ambayo bahati tu inaweza kuileta. Kuna jaribio la REMAP-CAP, matokeo yake yalitoka 2023, simvastatini ya miligramu 80 kwa mahututi wa korona, watu 2,684 kwenye hesabu kuu, wakapata uwezekano wa asilimia 95.9 kwamba inasaidia. Unaona kubwa eh? Ila wenyewe walikuwa wamejiwekea mstari wa asilimia 99 ndo waseme imethibitika, na ikabidi wasimame kabla hawajaufikia maana wagonjwa walikuwa wamepungua. Na mwaka 2014 simvastatini ilishajaribiwa kwa watu ambao mapafu yamefeli kwa sababu mbalimbali, jaribio la HARP-2, haikuonyesha faida kwa ujumla, ingawa waliporudia kuchambua baadaye wakaona kundi moja la wagonjwa, wale ambao miili yao ilikuwa imewaka sana kupambana na ugonjwa, kama vile lilifaidika.

Nikamuuliza sasa nyie mnafanyaje. Akasema anayetumia tayari aendelee nayo isipokuwa kuna sababu ya kuisimamisha, asiyetumia hatumuanzishii kwa ajili ya kirusi. Ndo hivyo tu. Nikaandika kwenye kundi la familia, kaka akajibu na kidole gumba, kwa kaka huo ni msamaha mkubwa.

Kilichonitisha zaidi ni kingine. Daktari alisema influenza yenyewe inashambulia moyo na mishipa. Utafiti wa Canada wa 2018 uliona kwamba ndani ya siku saba baada ya influenza kuthibitishwa, uwezekano wa mtu kupata mshtuko wa moyo ulikuwa kama mara sita ya siku zake za kawaida. Kwahiyo kwa mtu kama mama, aliyeshawahi kuguswa na kiharusi, kuacha statini kwa kusahau wiki hizo si jambo la kupuuza, na hiyo ndo sababu ya kuifuatilia, achana na habari za kuua kirusi.

Misuli nayo ilitusumbua. Mama alikuwa analalamika mapaja yanauma hata kuguswa hataki. Baba akasema ndo hiyo dawa. Lakini influenza yenyewe inaumiza misuli vibaya, na dawa ilikuwa haimezwi, hivyo kwa maneno tu huwezi kujua. Walipima damu, kile kipimo cha kuvunjika kwa misuli kinaitwa CK, pamoja na figo. CK ilikuwa juu kidogo, ikarudiwa ikawa inashuka, figo salama. Nesi alitupa alama ya kuangalia: mkojo ukiwa wa kahawia kama chai kavu au soda nyeusi, usisubiri kukuche, sema hapohapo. Nikawa naangalia mkojo wa mama kila unapotolewa, hakuna heshima iliyobaki kati yetu, tunacheka sasa.

Antibiotiki ikaisha, nikamkumbusha daktari wa zamu ambaye hakuwa yule wa kwanza, akasoma maandishi faili likamwambia lenyewe. Bila ile sentensi iliyoandikwa ningeanza kueleza upya kutoka sifuri kwa mtu anayekimbizana na wagonjwa wengine. Kwahiyo ukiwa wodini usiridhike na "sawa nimekusikia", omba kwa upole iandikwe.

Siku ya kuruhusiwa karatasi ikatoka ina presha, aspirini, dawa ya kikohozi. Simvastatini hakuna. Tena! Aliyeijaza alichukua orodha ya siku ya kwanza, ile ya baba. Nikarudi dirishani nikiwa nimetabasamu ila ndani nachemka, mama yuko kwenye kiti cha magurudumu anataka kwenda kwake. Na ile kurudi ikawa na faida, maana mfamasia alipokaa na orodha kamili kwa mara ya kwanza akauliza, "Anatumia simvastatini 40 pamoja na amlodipini?" Ndio. Akasema pamoja na amlodipini simvastatini haitakiwi kuvuka miligramu 20, sababu ileile ya kujaa kwenye damu. Amekuwa akimeza hivyo miaka! Wakashauriana na daktari kwa simu, wakambadilishia atorvastatini.

Gharama sitazitaja kwa hesabu, ila kulazwa kwa mtu mmoja ni kulazwa kwa nyumba nzima. Nilitumia likizo yangu yote, mdogo wangu aliuza kitu alichokuwa hataki kukiuza, na baba alikonda kuliko mgonjwa. Tungejua mapema tungefanya mambo mawili ambayo ni rahisi. La kwanza chanjo ya mafua, ambayo hurudiwa kila mwaka kwa sababu kirusi kinabadilika, mama hakuwa amechanja. La pili ni karatasi: majina ya dawa zote, miligramu, saa ya kunywa, inatibu nini, na picha ya makopo yenyewe kwenye simu ya kila mtu wa nyumbani akiwemo baba. Sasa tunayo. "Ile ya usiku" ina jina.

Kuna moja la mwisho ambalo karibu lituponyoke. Wodini walipima kolesteroli ya mama, ikatoka chini kuliko miaka yote. Kaka akafurahi, si mnaona, hana haja ya dawa tena. Daktari wa kliniki akatuambia mwili ukiwa kwenye maambukizi makali kolesteroli hushuka yenyewe, kile kipimo kinaonyesha ugonjwa, msikitumie kuamua lolote. Kilirudiwa mama alipokuwa ameshapata nguvu na anakula vizuri, kolesteroli mbaya ikawa imepanda kuliko ile ya wodini, hata akiwa kwenye dawa. Wakaacha atorvastatini ilivyo, wakampangia kipimo kingine baada ya miezi mitatu.